Nilivyofuta anwani ya 48 kwenye duka la dada yangu ili Google itupende

Wakuu, asalaam aleikum. Na wale ambao joto limewafungia ndani kama sisi hapa Garissa, poleni, tuko pamoja.

Hili jambo limenikaa kifuani wiki kadhaa sasa. Naandika yote jinsi yalivyokuwa, bila kuongeza chumvi. Mtaona sina sababu ya kudanganya, kwa sababu mjinga wa hii stori ni mimi mwenyewe.

Kama una duka mtandaoni, au unamsaidia mtu wako mwenye duka, soma mpaka chini. Kama wewe ni bingwa wa SEO soma pia, lakini matusi weka akiba hadi mwisho.

Mimi nina kiduka cha kompyuta hapa town. Photocopy, CV, kujazia watu fomu za serikali, hayo hayo.

Dada yangu mkubwa anaitwa Fardosa. Yeye anapika uunsi.

Kwa wale wa mbali: uunsi ni ndugu yake udi, ila huu unapikwa kwa sukari, mafuta ya manukato na miski mpaka ushikane, halafu unafukizwa nyumbani kwenye chetezo cha udongo. Kwetu harusi bila uunsi ni mkutano tu.

Mume wa Fardosa alifariki watoto wakiwa bado wadogo. Uunsi ndio uliosomesha hao watoto watatu na ndio unaowalisha mpaka leo. Shikeni hilo, kwa sababu kila upuuzi nitakaoueleza hapa nilikuwa naufanyia chakula cha watoto wa dada yangu.

Duka lake la mtandaoni, linalouza uunsi, mashuka na vitu vingine vya nyumbani, lilijengwa na jamaa mmoja wa Nairobi, akamaliza, akabadilisha namba ya simu. Duka lenyewe halina shida. Shida ilikuwa anwani za kurasa.

Yaani kila bidhaa ilikuwa na anwani mbaya kama nini sijui. Jina la duka, halafu bidhaa.php?id=12. Nyingine bidhaa.php?id=31. Ule uunsi wa harusi, wenyewe unaonunuliwa kuliko vyote, ulikuwa bidhaa.php?id=48.

Mimi nikiiona hiyo id=48 mwili mzima unaniwasha.

Sasa kuna kitu kimoja lazima mkielewe kabla sijaendelea. Uunsi wa Fardosa ulipopata jina, watu wakaanza kuuiga. Kopo lile lile, karatasi ile ile, ndani takataka. Fardosa akabuni dawa yake: kila akipika sufuria mpya, anafunga vifuniko vya makopo kwa kitambaa cha rangi. Mwezi huu nyekundu, mwezi ujao njano. Halafu anapiga picha ya hiyo rangi na kuiweka kwenye ukurasa wa uunsi wa harusi. Mteja akiwa dukani kwa mtu yeyote, anafungua ule ukurasa kwa simu, anaangalia picha, anaangalia kopo. Rangi zikilingana, ni wa Fardosa. Zisipolingana, anarudisha kopo kwenye rafu na kumwangalia muuzaji vibaya.

Hiyo nilikuwa naijua. Mimi ndiye nilikuwa nampandishia hizo picha.

Basi, nikaanza kutazama video za SEO, yaani mbinu za kufanya Google ikuweke juu. Wakuu, hizo video ni hatari. Ukitazama tatu unajiona profesa.

Nikajifunza kwamba anwani iwe na maneno, isiwe na namba. Ukurasa mmoja uwe na anwani moja tu, ukiwa na mbili Google inachanganyikiwa. Nikaweka na kifaa fulani cha kupima kurasa, kinakuwashia taa: nyekundu mbaya, njano wastani, kijani safi.

Kurasa zote za Fardosa zilikuwa nyekundu. Zote!

Nikaenda kwake na laptop. Alikuwa jikoni, sufuria motoni, jasho linamtoka, moshi hadi barabarani. Nikamweleza kwamba nataka kubadilisha anwani zote za duka ziwe za kisasa, watu wa Nairobi na wa ng'ambo watupate kirahisi.

Akaniuliza kama ni lazima. Nikamwambia, "Abaayo, dada yangu, huu ni wakati wa harusi. Usipofanya sasa utafanya lini?"

Ilikuwa kweli. Idd imepita juzi tu, na baada ya Idd huku kwetu kila wiki kuna aroos, yaani harusi.

Akakoroga kidogo, halafu akasema, "Sawa. Lakini ile ya arobaini na nane iache."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Iache tu. Watu wameizoea."

Hayo ndiyo maneno yote aliyosema, na sufuria ilikuwa inataka kuungua kwa hivyo hakuendelea. Mimi nikatoka pale nikicheka kimoyomoyo. Ati watu wamezoea namba! Nani duniani anazoea id=48? Nikajiambia huyu ni mpishi, mimi ndiye fundi.

Kiherehere, wakuu. Kiherehere kitaniua.

Alhamisi nikafunga kiduka changu mapema, nikakaa na kompyuta. Kurasa kama sitini, nikazipa majina moja moja. Ile ya uunsi wa harusi niliipa heshima yake kabisa. Nakumbuka neno kwa neno na nikikumbuka nataka kujizika: best-original-handmade-somali-wedding-incense-garissa-kenya.

Taa ikawaka kijani. Nilifurahi mpaka nikapiga picha ya kioo nikaituma kwenye group ya familia. Binamu yangu mmoja akajibu kwa dole gumba. Hakuna aliyeelewa, lakini nikajisikia.

Ikabaki zile anwani za zamani. Video ilisema usiache ukurasa mmoja una anwani mbili. Fundi mwenye akili hapo anaelekeza anwani ya zamani iende kwenye mpya, ili mtu akibonyeza ile ya zamani apelekwe mwenyewe bila kujua. Mimi nilielewaje?

Nilifuta.

Nilifuta faili nzima ya bidhaa.php. Nikaona nimesafisha nyumba.

Ijumaa kimya. Nikasema ni Ijumaa. Jumamosi kimya. Jumapili Fardosa akanipigia kuniuliza kama mtandao uko sawa, maana simu yake haijalia. Nikamwambia kwa sauti ya daktari, "Abaayo, Google inahitaji muda kutuzoea."

Akasema sawa. Aliniamini! Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Wiki ikaisha hivyo. Mimi badala ya kujiuliza maswali, nikarudi kwenye video. Mmoja akasema anwani ndefu sana si nzuri. Nikazibadilisha zote tena, nikazifupisha. Sasa hata wale wachache waliokuwa wameshika anwani mpya nao nikawapoteza. Mtu mzima na ndevu zangu.

Halafu ikaja voice note ya Eeddo Maryan.

Eeddo Maryan yuko Dagahaley, kule kambini Dadaab. Eeddo kwetu ni shangazi, ingawa huyu si shangazi yetu wa damu. Alikimbia Somalia zamani na watoto mgongoni, akaanza na meza ya sukari na majani ya chai, leo ana kibanda chake cha mabati. Yeye ndiye wa kwanza kabisa kuuza uunsi wa Fardosa, wakati hakuna aliyemjua Fardosa. Kuondoka kambini kwake si jambo la kuamka na kwenda, ni karatasi na ruhusa. Kwa hivyo mteja wake ni jirani yake, na jina lake kwa jirani ndilo kila kitu alicho nacho.

Alikuwa anazungumza Kisomali, polepole, na voice note ilitumwa kwa Fardosa, si kwangu. Fardosa aliicheza jikoni kwake mimi nikiwa nimekaa hapo nakunywa chai yake.

Eeddo alisema hivi. Kuna mama mmoja wa bi harusi alikuja kuchukua uunsi wa aroos, amekuja na dada zake na majirani, wanawake wengi. Kama kawaida wakatoa simu wafungue ile anwani waangalie rangi ya kitambaa. Simu ikaandika ukurasa haupo. Wakajaribu simu nyingine, haupo. Ya tatu, haupo. Yule mama akaweka kopo chini mbele ya watu wote na kusema kwamba kumbe Maryan siku zote anauza bandia kwa jina la mwingine.

Kambini neno halilali. Kufikia Asr wanawake waliokwisha kununua walikuwa wanarudisha makopo. Wengine waliyaacha tu mlangoni bila hata kumsalimia.

Halafu Eeddo akasema neno ambalo lilinifanya niweke kikombe chini. Alisema, "Fardosa, kama umenifungia mlango, ungeniambia mwenyewe. Ningeelewa."

Wakuu, Eeddo alikaa na hiyo aibu siku nne bila kupiga simu, kwa sababu alidhani Fardosa amemtupa.

Fardosa akanigeukia. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliniuliza tu, "Warya, wewe kijana, ya arobaini na nane niliyokuambia uache, iko wapi?"

Nilianza kueleza habari ya taa za kijani. Akanikata katikati.

Ndipo akanieleza kile ambacho angenieleza siku ile kama ningekuwa na subira ya kungoja sufuria ishuke. Eeddo Maryan ameandika ile anwani kwenye ukuta wa kibanda chake kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, na hiyo 48 ameichora kubwa kuliko zote. Anayepaka hina jirani yake ameiandika kwenye daftari la wateja. Wanawake wa Dagahaley, na hata wa hapa town, hawasemi uunsi wa Fardosa. Wanasema "afartan iyo sideed", yaani arobaini na nane. Nipe arobaini na nane mbili. Arobaini na nane imefika?

Ile namba iliyokuwa inaniwasha mwili ndiyo ilikuwa jina la biashara. Mimi niliyesoma sikulijua, na kila mwanamke wa hii county alilijua!

Nikafungua laptop palepale jikoni. Nikaandika sheria ya kuelekeza anwani za zamani, nikajaribu, ikafunguka. Nikamwambia Fardosa amwambie Eeddo ajaribu.

Eeddo akajibu kwamba inafungua ukurasa wa mbele wa duka, wenye picha za mashuka.

Kwa haraka yangu nilikuwa nimeelekeza kila anwani ya zamani iende ukurasa wa mbele. Zote sitini! Mtu anatafuta uunsi anapelekwa kwenye mashuka. Na nikaiandika kama agizo la kudumu. Simu ikishapewa agizo la kudumu inalikariri, haiulizi tena. Nilisahihisha baada ya dakika chache, 48 ikaenda kwake, lakini Eeddo na majirani zake walikuwa wameshajaribu katika zile dakika. Simu zao zikashikilia mashuka.

Nikampigia Eeddo nimwelekeze kwa simu afute kumbukumbu za kivinjari. Jaribuni kumweleza hayo mama wa miaka sitini, mtandao unakatika, pembeni lori la maji linanguruma. Alivumilia mpaka akaishia kufuta picha za wajukuu. Hapo nikakaa chini sakafuni.

Fardosa akachukua simu mkononi mwangu. "Eeddo, anakuja," akasema. "Kesho yuko hapo kwako." Halafu akanigeukia mimi: "Utaenda mwenyewe. Na utasema mbele ya wale wale waliomsikia akiitwa mwongo."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nikaenda.

Sitawachosha na barabara, anayeijua anaijua. Nilifika Dagahaley kabla ya Dhuhuri nimegeuka vumbi tupu.

Kibanda cha Eeddo nilikitambua kwa kitu kimoja: ukuta wa mbele ulikuwa umefunikwa kwa mkeka. Ameutundika kutoka juu hadi chini, ameufunga kwa kamba pembe zote nne. Chini ya mkeka ndipo ilipokuwa ile anwani. Ndani, makopo ya Fardosa yamepangwa vizuri na vitambaa vyake vya kijani, hakuna aliyegusa.

Eeddo alitoka akanipa maji ya kunywa kwanza. Kwetu shangazi anakuita kwa jina lile lile unalomwita, kwa hivyo aliniambia, "Eeddo, kunywa, umechoka." Huyo ndiye mtu niliyemharibia jina. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikafanya kazi yangu. Simu yake, simu ya yule anayepaka hina, simu za majirani waliojitokeza. Nikafuta kumbukumbu, nikajaribu, ikafunguka. Picha za wajukuu nazo nilizirudisha, zilikuwa bado kwenye kile kikapu cha vilivyofutwa, alhamdulillahi.

Nikadhani nimemaliza. Eeddo akasema bado. Akamtuma jirani amwite yule mama wa bi harusi.

Alikuja, na hakuja peke yake. Walijaa pale mbele ya kibanda. Nikasimama mbele ya wanawake kama ishirini nikasema kwa Kisomali kwamba kosa ni langu, kwamba Fardosa hajui, Eeddo hajui, mimi ndiye niliyefuta ukurasa kwa kujiona najua. Mmoja nyuma akauliza ni kwa nini mtu afute kitu ambacho kila mtu anakitumia.

Eeddo akafungua kamba za mkeka mwenyewe, moja moja, hakutaka nimsaidie. Mkeka ukaanguka. Ile 48 ilikuwa kubwa kama nilivyoambiwa.

Akamwambia yule mama, "Usitumie simu yangu. Tumia yako. Soma ukutani."

Yule mama akatoa simu yake, akasoma ukutani, akaandika herufi kwa herufi. Yeye hakuwa amejaribu tena tangu siku ile, kwa hivyo simu yake haikuwa na mashuka. Tulisubiri. Mtandao wa kule unajua kuchelewa wakati mbaya. Mimi nilikuwa nasoma kila dua niliyofundishwa duksi, yaani madrasa.

Ikafunguka. Kitambaa cha kijani.

Akaangalia kopo kwenye rafu. Akaangalia simu. Hakuomba msamaha, sitawadanganya. Alichukua makopo mawili, akamwambia Eeddo, "Aroos ni Jumapili, uje, ukae na sisi ndani." Kwa anayejua mila zetu, hiyo ni zaidi ya samahani. Eeddo alivuta pembe ya garbasaar yake, ule mtandio wa kichwani, akajifuta uso, akasema ni vumbi.

Kabla sijaondoka aliniuliza swali moja. Alitaka kujua kama anunue rangi nyingine, aandike ukutani jina jipya nililotunga, lile la Kiingereza.

Nikamwambia, "La, eeddo. Usiandike kitu. Mimi ndiye nitakayebadilisha."

Niliporudi Garissa nikafanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya siku ya kwanza kabla ya video yoyote. Nikafungua ripoti ya maneno ambayo watu wanaandika Google mpaka wanafika kwenye duka letu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuandika best original handmade. Mstari wa juu kabisa ulikuwa "uunsi 48". Wa pili "48 garissa". Ilikuwa pale siku zote, nami sikuwahi kufungua.

Sasa hivi ule ukurasa anwani yake ni jina la duka, mkwaju, uunsi-48. Basi. Ile ya zamani iliyo ukutani kwa Eeddo inaelekezwa hapo, na hizo mbili nilizotunga mimi nazo zinaelekezwa hapo, na sheria yake nimeisoma mara saba kabla ya kuihifadhi. Wateja wamerudi, si wote, lakini sufuria iko motoni tena.

Wakuu, somo langu ni hili. Kabla hujabadilisha anwani ya ukurasa wa mtu, usiulize mashine kwanza. Uliza ni nani ameiandika wapi. Na mwenye duka akikuambia acha hii, ngoja sufuria ishuke umsikilize sababu. Na kama ni lazima uhame, acha mtu mlangoni wa kuwaelekeza wageni, usibomoe nyumba.

Kile kifaa changu cha taa bado kinauwashia huo ukurasa nyekundu. Kinasema jina fupi mno, lina namba, halieleweki. Nimekiacha kiwake.

Haya, leteni maoni. Kuna mtu mwingine amewahi kuvuruga biashara ya familia kwa ujuaji, au niko peke yangu? Na wataalamu, kama kuna kitu bado nimekosea kwenye kuelekeza hizo anwani, niambieni nimpelekee Fardosa karatasi amsomee fundi mwingine.

Kwa sababu password ya duka aliibadilisha jioni ile ile nilipomaliza kazi hiyo. Mpaka leo hajaniambia, na mimi sijauliza.